Baba Mbele ya Kamera Mbili

Baba alikuwa mezani mara mbili. Upande wa kushoto alikuwa amevaa koti jeusi, kidevu juu, mdomo umefungwa kama wa mtu anayengoja kuapishwa. Upande wa kulia koti lilikuwa lile lile, kiti kile kile, na mlango wa jikoni nyuma yake ule ule, lakini mabega yalikuwa yameshuka na macho yalikuwa yakiangalia kitu ambacho hakikuwa mimi. Na baba mwenyewe, wa tatu, alikuwa ameinamia picha hizo mbili katika chumba changu cha Tuwan, mjini Kitale, akiwa na sweta juu ya pajama, akizipapasa pembeni kwa kidole kama anavyopapasa gunzi la mahindi kujua kama limejaa.

"Usiniambie ni kamela gani ilipiga gani," alisema. "Nyamaza hivyo hivyo."

Jibu nilikuwa nalo tayari, au nilidhani ninalo. Ile ya kulia ilikuwa imempata baba yangu. Ile ya kushoto ilikuwa imepata koti. Nilichotaka ni yeye aseme hivyo kwa mdomo wake, ili niende studio kwa Daud nikanunue kamera hiyo bila wasiwasi.

Kabla ya hapo, kumpiga picha baba lilikuwa jambo lisilowezekana.

Nafanya kazi katika saiba moja ya hapa Kitale. Watu wakisikia saiba hufikiria vijana na michezo ya kompyuta, kumbe kazi yangu kubwa ni matanga. Kila wiki jamaa huja na wasifu wa marehemu ulioandikwa kwa kalamu, niuchape, niupange pamoja na ratiba ya ibada, nitoe nakala za kugawia waombolezaji. Halafu nauliza kama kuna picha. Hapo ndipo hutazamana. Mmoja huingiza mkono mfukoni na kutoa kitambulisho. Nakiweka kwenye mashine, naivuta ile picha ndogo mpaka inajaa ukurasa, nafuta michirizi iliyopita usoni kadiri ninavyoweza, na mtu aliyelea watoto na wajukuu na kuimba kwaya maisha yake yote anakwenda kaburini na uso wa mtu aliyeambiwa asicheke.

Mama yangu alikwenda hivyo, na mikono iliyomtengeneza ni hii yangu. Mama ambaye akichekeshwa alikuwa anatafuta ukuta wa kuegemea. Simu zilikuwepo, ndiyo, lakini ndani ya simu zetu mama alikuwa mgongo jikoni, mkono juu ya sufuria, nusu ya uso nyuma ya mjukuu. Hatukuwahi kumwambia mama hebu keti hapa. Kwa hiyo nilichukua kitambulisho chake, nikakikuza, na kwenye skrini akatokea mwanamke mwenye macho ya woga nisiyemjua. Akawekwa kwenye fremu, binti wa shangazi akaibeba mbele ya jeneza, na mpaka leo nikitaka kumkumbuka mama, yule mgeni wa fremu ndiye anayetangulia. Liliniuma, na linaniuma bado.

Basi koo la baba lilipoanza kukataa ugali, kisha likakataa hata viazi, na daktari akatamka neno saratani kwa sauti ya chini, nilimtoa nyumbani Mabanga nikamleta kwangu Tuwan awe karibu na kliniki. Na nikaapa moyoni kwamba baba hataenda na kitambulisho. Haraka ilikuwepo. Kila nilipomnyoa ndevu, mashavu yalikuwa yameingia ndani kidogo kuliko mara iliyopita, na ngozi ya shingo ikiufuata wembe. Uso nilioutaka ulikuwa unaondoka huku nikiutazama.

Lakini baba alikuwa kichwa ngumu, na mimi nimetoka kwake. Nilipomwelekezea simu mara ya kwanza, aligeukia ukuta.

"Hiyo picha ni ya nini?" aliuliza. "Mimi si niko hapa? Ama unanipimia sanduku?"

Ndugu yangu Dancan, ambaye huwa ana njia ya mkato kwa kila jambo, alinishauri nimpige picha akilala. "Si utangoja tu afunge macho, bana. Hata hatajua." Nilimwambia sitaki kumwiba baba yangu. Dancan alicheka, kisha akaona sicheki.

Kamera nilikuwa nimeitamani tangu mazishi ya mama. Nilitaka kamera kamili, yenye lenzi ya kufungua na kufunga na kitundu cha kutazamia, niwe nawaketisha watu wa Tuwan wakiwa hai na kuwapiga picha za maana, ili siku ikifika wasitoe kitambulisho mfukoni. Daud, mwenye studio karibu na msikiti, alikuwa amehamia mitambo mikubwa ya video za harusi, na zile kamera zake mbili za kuanzia, alizojifunzia kazi, alikuwa anataka kuziachia. Nichague moja, alisema. Nyingine atampa mpwa wake.

Kuchagua kukanishinda. Moja ilikuwa nyepesi, na kioo chake cha nyuma kilifunguka kama kijidirisha na kugeuka huku na huku. Ngozi ya mtu ilitoka na wekundu mzuri, wa mtu aliyekunywa chai. Nyingine ilikuwa nzito kidogo, mshiko wake mnene, betri yake haichoki, na ilisemekana kwamba penye giza inaona zaidi. Mtu mweusi mbele ya mlango mweusi hapotei. Nilisoma kila kilichoandikwa kuhusu hizo mbili. Nilitazama video za Wazungu wakipiga picha bata, matofali na wake zao, wakiongea juu ya vitu vidogo kuliko kucha. Kila video ikiisha nilikuwa nimebadili mawazo. Kipya kinyemi, walisema wahenga, lakini hawakusema mtu afanye nini vinyemi vikiwa viwili.

Jioni moja nilikuwa namlalamikia Dancan juu ya jambo hilo, baba yuko kitini anahangaika na kikombe cha uji. Sikujua anasikiliza.

"Umezilinganisha aje?" aliuliza.

"Nimesoma, baba. Nimeangalia video nyingi."

"Umesoma." Alimeza, akangoja maumivu yapite. "Na umezipanda?"

Baba alikuwa amemaliza maisha yake ya kazi katika kituo cha mafunzo ya kilimo cha Mabanga. Hakuwa bwana mkubwa pale. Kazi yake ilikuwa vile vijishamba vya maonyesho ambavyo wakulima huletwa kuviona: mbegu hii hapa, mbegu ile pale, kibao mbele ya kila moja. Alikuwa na dini yake juu ya jambo hilo. Mbegu mbili hazilinganishwi kwa mdomo, wala kwa karatasi ya aliyezitengeneza. Zinapandwa bega kwa bega, udongo mmoja, siku moja, mbolea kipimo kimoja, kisha mtu ananyamaza mpaka zivunwe. Tulipokuwa wadogo hata wali na ugali alitaka tuvilinganishe tukiwa na njaa sawa. Mama alikuwa anamwambia basi apike yeye mwenyewe.

"Leta zote mbili," alisema. "Udongo mmoja, siku moja."

"Na udongo utakuwa nani, baba?"

Aliangalia mikono yake, mbele na nyuma. "Mimi sina kazi ingine," alisema. "Lakini si hapa. Hii ukuta yako ya bluu itaharibu matokeo. Twende nyumbani."

Daud alinikabidhi kamera zote mbili siku ya Ijumaa alipokuwa anafunga studio kwenda swala, kwa sharti moja: nimwachie kitambulisho changu. Nilimwachia, na uso wangu ulioambiwa usicheke. "Mpe mzee pole," aliniambia. "Na usibadilishe lenzi penye vumbi, tafadhali." Kesho yake Dancan akatubeba kwa gari lake la Probox, tukateremka mpaka Webuye, tukapita mabomba ya moshi ya kiwanda cha karatasi, tukashika barabara ya Bungoma mpaka Mabanga. Njia nzima baba alikuwa ameshika begi la kamera mapajani, mikono yote miwili juu yake.

Nyumbani alijifungia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa koti lake jeusi la siku ya wakulima, lile alilokuwa akivaa kituo kikifungua milango na watu wakifika kutoka Chwele na Kimilili na kwingineko. Lilikuwa pana kwake sasa, lakini alikuwa ameunyoosha mgongo ukasimama. Nikaona amechana nywele zake chache na maji.

Hapo akaanza kuamuru. Mlango wa jikoni kwanza, kwa sababu ni giza nyuma. Kisha kwenye ukingo wa mahindi, kwa sababu kuna jua kali. Kisha kando ya kaburi la mama. Sikuuliza pale ni kwa sababu gani. Kila mahali alikaa, akainua kidevu, akaukusanya uso wake, akasema, "Tayari." Nilipiga kwa ile nyepesi. Kisha akasema, "Sasa ya pili," Dancan akanipa ile nzito na kupokea ile nyepesi, nikarekebisha mwanga, nikapiga tena.

Kwenye kaburi, wakati nabadilisha, baba aliinama akang'oa nyasi iliyokuwa imeota kwenye ufa wa saruji. Aliigeuza mkononi. Alikuwa amesahau kamera, amesahau Dancan, amenisahau na mimi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayemsikiliza mtu wa chumba cha pili. Nilipiga. Nilijua kabla sijatazama kwenye kioo kwamba nimepata nilichokitafuta tangu mama afe.

Nikazichapisha saiba kwa karatasi nzuri, jina la kamera nyuma, mbele pasafi, jinsi alivyoagiza. Na ndiyo tukarudi kwenye meza ile ya Tuwan, baba mara mbili, na baba wa tatu ameziinamia.

Hakuchukua muda. Aliongeza za mahindini na za kaburini, akazitenga zote mafungu mawili, moja huku, moja kule, bila kukosea hata moja.

"Hii ni kamela moja," alisema. "Na hii ni ingine."

"Umejuaje?"

"Huyu amejipanga. Huyu amechoka kujipanga." Akaniangalia juu ya miwani. "Ulianza na gani?"

"Na hii ya kushoto. Ile nyepesi."

"Mlangoni. Na kwa mahindi?"

"Hiyo hiyo."

"Na kwa mama yako?"

Nilihisi masikio yanapata moto. Baba alianza kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo, na hata akikohoa mabega yalikuwa bado yanacheka.

"Mpanda ovyo hula ovyo," alisema alipopata pumzi. "Nabwile, binti yangu! Umekula mahindi ya Mabanga mpaka ukaota meno, na hukujifunza hii? Ukipanda moja na mvua ya kwanza, ingine uipande baadaye, unalinganisha mbegu ama unalinganisha mvua?"

Alisema kweli. Hatukulinganisha kamera hata kidogo. Kila mara ile nyepesi ilikuwa imempata baba aliyekwisha kusema tayari, na kila mara ile nzito ilikuwa imemkuta ameshusha mzigo. Nguvu zote nilizokuwa nimeisifia ile nzito moyoni, kina chake, ukweli wake, hazikuwa zake.

"Kosa ni letu wote," baba alisema, akinionea huruma. "Mimi ndiye nilikuwa shamba, na sikusema. Tutarudia. Ile nzito ianze."

Furaha niliyopata sikuweza kuificha. Yule mzee aliyekuwa anageukia ukuta alikuwa anataka kupigwa tena. Lakini mimi nami siachi kitu kipite. Nilichukua ile picha ya kaburini ya mkono wa kulia nikaiweka mbele yake.

"Kamera yoyote iwe, baba. Huyu ndiye wewe."

Aliisogeza karibu na miwani. "Huyu ni mimi nikiwa sijui kama kuna mtu."

"Ndiyo maana naipenda."

"Sawa, penda." Aliirudisha kwangu kwa upole. "Lakini huyu hajawahi kwenda kwa mtu. Mimi nikitoka kwa nyumba, anayetoka ni huyu." Akagusa ile ya kushoto, ile ya kidevu juu. Nilidhani ni maringo ya uzee, nikamwachia. Niliamini kwamba mtu wa kweli ni yule anayebaki watu wakiondoka, na kwamba kilichobaki ni vazi tu. Nilikuwa nimesoma mengi juu ya picha, na waandishi wote walisema hivyo.

Kurudia hakukuja upesi. Baba alilazwa, akatolewa, akalazwa tena. Hospitali ilipotuambia kwa maneno ya heshima kwamba sasa tumpe tu anachoweza kumeza, tulimrudisha Tuwan. Safari ya Mabanga haikuwezekana tena. Nilidhani amesahau ile hesabu yetu. Kisha mchana mmoja, mvua imekatika na mwanga umeingia vizuri dirishani, akafungua macho.

"Na zile kamela?"

Zilikuwa zimerudi studio, nikampigia Daud simu. Alizileta mwenyewe, akamsalimu baba kwa kuinama, akatoka kukaa nje kwenye ngazi. Baba alitaka koti. Mimi na Dancan tulimkalisha, tukamwekea mto mgongoni, tukampitisha mkono mmoja, kisha mwingine. Koti lilikuwa la mtu mwingine sasa. Dancan alifunga vifungo akiwa ameuma mdomo wa chini, kisha akaenda kusimama karibu na mlango.

"Ile nzito," baba alinikumbusha.

Niliinua ile nzito, nikaweka jicho kwenye kitundu.

Sijui kama nitaweza kusema nilichokiona. Katika kile kidirisha kidogo hakuna kitu kingine duniani ila anayepigwa, na nilimwona baba akiutafuta uso wake. Kidevu kilianza kupanda. Mishipa ya shingo ikasimama. Taya ikafunga, macho yakajaribu kukusanyika, moja likafika, lingine likachelewa. Alikuwa anainua kitu kizito kutoka chini sana, peke yake, na mimi nilikuwa nimeshika kitufe nikimngoja. Mlangoni na kwa mahindi na kwa mama nilikuwa nimeletewa kitu hicho kikiwa kimeshainuliwa, nikakiita koti.

Kabla hajasema tayari, uso ukaanguka.

"Imeshika?" aliuliza.

"Bado, baba."

"Ngoja."

Alijaribu tena. Nilitaka kumwambia aache, inatosha, nampenda hivyo hivyo. Sikusema, kwa kuwa niliona kwamba angechukulia ni tusi. Alijaribu mpaka jasho likatokeza juu ya mdomo. Uso haukuja.

"Piga tu," alisema.

Nilipiga. Nikachukua ile nyepesi nikapiga nayo. Nikamshikia kamera zote mbili mbele ya macho, vioo vyao vya nyuma vikiwaka, huku baba na huku baba. Hapakuwa na wa kwanza wala wa pili. Alikuwa mtu mmoja tu aliyechoka.

"Sasa unaona," alisema. Aliridhika, kweli nilimwona ameridhika. "Zimetoa sawa. Hakuna tofauti. Chukua ile inakaa vizuri kwa mkono wako."

Nililia pale pale mbele yake. Hakunikataza. Alinyoosha mkono akaushika ule ulioshika kamera, akaupima kwa kidole gumba, kisha akasema mkono wangu ni mdogo kama wa mama, nichukue ile nyepesi.

Alitutoka mahindi ya Mabanga yakitoa mbelewele.

Nilikaa saiba mbele ya skrini ile ile niliyomtengenezea mama. Wasifu ulikuwa umekamilika, ratiba ilikuwa tayari. Palibaki pengo la picha. Nilizifungua mbili za kaburini, nikaziweka bega kwa bega, na Dancan akasimama nyuma ya kiti changu.

"Weka hiyo ya kulia," alisema. "Hapo mzee amerelax. Si ndiyo unapenda?"

Niliipenda, na ninaipenda. Iko chumbani kwangu, na kuna siku siwezi kuitazama. Lakini kidole changu kilikwenda kushoto.

"Ati hiyo?" Dancan alishangaa. "Si ulisema hiyo ni koti tu?"

"Nilisema."

Nikaikuza ile ya kidevu juu mpaka ikajaa ukurasa. Hakukuwa na michirizi ya kufuta.

Tulimzika Mabanga karibu na mama. Fremu iliwekwa juu ya kimeza mbele ya jeneza, na watu wakapita kutoa heshima: majirani, watu wa kanisa, wazee waliowahi kufanya kazi kituoni. Nilikuwa pembeni na kamera yangu nyepesi shingoni, kwa sababu familia iliniomba nipige picha, na kwa sababu mikono ikiwa na kazi moyo unapata pa kujishikiza.

Katika msafara ule alikuja mzee Walubengo, mkulima wa upande wa pili wa barabara. Nilimjua kwa mbali. Baba alikuwa akimtaja wakati wa kupanda. Alipofika kwenye fremu alivua kofia na kusimama, na msafara nyuma yake ukasimama pia. Hakuwaangalia. Alikuwa anaongea na picha, au na mimi niliyekuwa karibu nayo.

"Alikuja kwangu hivi," alisema. "Hivi hivi. Mwaka ule mahindi yangu ilikufa yote, nimelala ndani, sitaki mtu, hata bibi nimemfukuza kwa mlango. Nikasikia hodi. Kutoka hivi, ni huyu, na hii koti. Amesimama hivi. Hakuniuliza kitu. Aliniangalia tu hivi kama mimi ni mtu bado." Alipangusa macho kwa kofia. "Nikajiambia, Walubengo, kama mtu anaweza kujipanga namna hii kuja kuona mahindi imekufa, wewe unalala kwa nini? Nikavaa viatu tukaenda shamba."

Nilimwinamishia kichwa, na nadhani alinielewa. Kisha macho yake yakashuka kwenye kamera iliyokuwa kifuani mwangu.

"Nipige na yeye," alisema.

Nilirudi hatua nyuma, nikaweka jicho kwenye kitundu. Mzee Walubengo alisimama kando ya fremu. Aliiweka kofia kwapani, akavuta shati mbele, akapitisha kiganja usoni mara moja. Nilimwona akiinua kidevu. Nilimwona akiukusanya uso wake, polepole, machozi yakiwa bado kwenye mikunjo, mpaka ukakamilika, na akaniangalia.

Nilipiga.

Kisha mabega yake yakaanza kushuka. Macho yakaanza kwenda kwenye jeneza, mdomo ukalegea, na huzuni yote ikapanda juu ya uso ule mzee, wazi kabisa, mbele ya lenzi yangu. Kidole kilikuwa bado juu ya kitufe.

Niliishusha kamera. "Asante, mzee," nilimwambia, na nikageuka upande mpaka alipokuwa tayari kuondoka.